Msimdanganye Mwenye Mizani

Wanangu wavuvi, na ninyi wajukuu zangu ambao siku hizi ndio matajiri wa mitumbwi, nisikilizeni tena. Najua mmechoka kunisikia. Mimi nami nimechoka kusema. Haya nimeyasema kwenye vikao vya BMU, kile kikundi chetu cha usimamizi wa mwalo, nimeyasema misibani watu wakisubiri ugali, nimeyasema kwa waanika dagaa jua likiwa la utosi. Kila mara mnaitikia "sawa, mzee wetu" kwa heshima zote, kisha mnateremka mwaloni kumdanganya mtu wa mizani.

Nawazungumzia wale vijana, wengi wao mabinti siku hizi, wanaokuja alfajiri na mizani, ubao wa kupimia urefu na fomu. Wanauliza mlitoka saa ngapi, mlikuwa wangapi chomboni, mlitega nyavu ngapi, za inchi ngapi, mlitumia injini au kasia, na mmerudi na nini. Mnatazamana. Mwenye nyavu 80 anasema 40. Mwenye matenga mawili anaonyesha moja. Sangara wachanga, wale wa kiganja, wamelazwa chini ya turubai na mtu ameketi juu yao akipiga mswaki. Binti anaandika alichoambiwa, anashukuru, anakwenda chombo kingine, nanyi nyuma yake mnacheka na kugonga mikono. Niambieni basi, mmemshinda nani?

Sitawakejeli kwa hofu yenu. Kazi ya bwana samaki nimeifanya hadi nikastaafu, na najua fomu ina sura gani machoni pa mtu anayedaiwa mafuta ya injini. Anayeandika leo, kesho si atarudi na kodi? Keshokutwa si atarudi na askari? Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto mialo kwa mialo, faini zikatozwa, na wapo waliorudi kijijini hawana hata kamba. Zilikuwepo nyavu zilizostahili moto. Kokoro linalokwangua mazalia ya samaki ufukweni halina wakili mbele yangu, na timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki, likipotea majini huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Lakini namna kazi ile ilivyofanywa iliwafundisha watu kuwa kila mwenye kalamu ni mkamataji, na somo hilo litatugharimu sote kwa muda mrefu.

Hata hivyo, tofautisheni watu. Mkamataji anatafuta wavu, mtafiti anatafuta namba. Huyu wa taasisi za utafiti wa uvuvi, wa TAFIRI hapa kwetu Tanzania, wa KMFRI upande wa Kisumu, wa NaFIRRI kule Jinja, hana pingu wala kiberiti, na jina lako halina kazi kwenye hesabu zake. Anachotaka kujua ni kitu kimoja ambacho wewe pia ungependa kukijua kabla hujakopa injini nyingine: samaki walio ndani ya maji haya wanatosha kuvuliwa kwa kiasi hiki au hawatoshi?

Sasa angalieni hesabu yake inavyokwenda, maana hapa ndipo wengi wenu hamjawahi kupaangalia. Ziwa hili la Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mialo yake katika nchi tatu inazidi 1,000. Hakuna serikali yenye watu wa kusimama kila mwalo kila asubuhi. Kwa hiyo huchaguliwa mialo michache, hupimwa vyombo vichache, halafu huchukuliwa idadi ya vyombo vyote iliyopatikana kwenye sensa ya uvuvi, na kuzidishwa. Uongo wa chombo kimoja huzidishwa pamoja na samaki wake. Ukipunguza kilo, hesabu itasema samaki wanakwisha, na mkubwa fulani ambaye hajawahi kukanyaga mwalo atashauriwa afunge uvuvi. Ukipunguza idadi ya nyavu, kila wavu utaonekana umevua vizuri kuliko ulivyovua, na ziwa linaloumwa litaandikiwa kuwa ni zima. Ukificha wachanga, hesabu itasema wachanga wako salama majini wanakua, hivyo hakuna haja ya kubana matundu. Mtafurahi mwaka huo. Miaka michache mbele mtachoma mafuta usiku kucha na kurudi na samaki wa kula nyumbani tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa anayekufa ni ziwa.

Mtaniambia, kama mnavyoniambia kila mara, kwamba babu zetu walivua bila daftari na samaki walikuwepo. Ni kweli, ila mmeikata katikati. Babu zetu walivua kwa migono, kwa ndoano, kwa nyuzio za mafunjo na matete, na mtumbwi ulifika pale mikono ilipoweza kuufikisha. Wavu wa makila ulipoingia kutoka Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, mambo yaligeuka upesi kuliko wazee walivyoweza kusimuliana. Samaki wa ziwa hili wakati ule alikuwa ngege. Haikupita miaka mingi, wavu uliokuwa ukijaa ngege ukawa unatoka na wa kuhesabika kwa vidole, hasa kwenye ghuba ya Kisumu, hadi serikali za kikoloni zikamleta Mwingereza Michael Graham achunguze. Alilizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikatoka 1929. Aliyoyataka yanashangaza kwa jinsi tunavyoyaomba mpaka leo: tundu la wavu lisipungue inchi 5, ziwa lote lisimamiwe kwa pamoja, na takwimu za samaki ziwekwe bila kukatika.

Tundu liliwekewa sheria. Kuanzia miaka ya 1950 sheria ile ikaachwa, nchi moja baada ya nyingine, kwa kuwa kuisimamia kulichosha na kila mtu alitaka kilo. Matundu yakapungua, ngege akapungua nayo. Leo kijana wa miaka 25 nikimtajia ngege anadhani ni jina jingine la sato. Sato mwenyewe ni mgeni, aliletwa miaka hiyohiyo ya 1950. Ngege wa asili sasa anatafutwa kwenye viziwa kama Kanyaboli kule Siaya, alikonusurika kwa kuwa hakuna aliyemfuata huko kwa haraka.

Wala msidhani ni ninyi tu mnaosahau. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliandika makala fupi sana, ya ukurasa mmoja, akiwanyooshea kidole wanasayansi wenzake. Alisema kila kizazi cha watafiti huichukua hali ya bahari kilichoikuta kilipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida, na kupima hasara kuanzia hapo tu. Kilichopotea kabla ya hapo hakikaliwi matanga. Kama wasomi wenye maktaba wanasahau, itakuwaje sisi wenye simulizi za mwaloni, ambako samaki wa jana huongezeka uzito kila anaposimuliwa? Mzee kama mimi msimwamini sana akisema "zamani samaki walikuwa hivi." Mwambieni alete daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ngege alipotea hivyo: habari zake zilipoanza kuulizwa, wengi hawakuwa na uhakika walimwona lini mara ya mwisho.

Furu ndio hawakupotea kimyakimya, na sababu yake nataka muielewe.

Miaka ya 1970 furu alikuwa kila mahali ndani ya ziwa hili, na kwetu alikuwa samaki wa dharau, mdogo, mwenye miiba, wa kutiwa kwenye ndoano awe chambo. Kulikuwa na mpango wa kumvua kwa meli za kukokota na kumsaga awe chakula cha mifugo. Kwa ajili hiyo, mwaka 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwemo Frans Witte, walianza kufanya kazi na Watanzania katika Ghuba ya Mwanza, kikundi chao kikijulikana kwa jina la HEST. Walikokota nyavu zao sehemu zilezile, kina kilekile, mwezi baada ya mwezi, wakamwaga furu mezani na kuwatenga mmoja mmoja. Watu wakawacheka. Wazungu wazima wanahesabu chambo!

Walichokiona mezani pale hakikuwa furu mmoja. Walikuwa furu wa aina zaidi ya 500 katika ziwa zima, na kila aina na kazi yake. Kuna aliyekuwa akikwangua mwani kwenye mawe, kuna aliyekuwa akiponda konokono kwa meno ya kooni, kuna aliyekuwa akila magamba ya wenzake, na kuna mnyang'anyi aliyekuwa akiwatoa vifaranga mdomoni mwa mama zao, maana furu jike hutunza watoto kinywani. Na wanajiolojia wanasema ziwa hili lilikauka na likaanza kujaa upya takriban miaka 15,000 tu iliyopita, kwa hiyo Mungu aliwatandaza viumbe wote hao kwa muda ambao kwa kazi ya namna hiyo ni kufumba na kufumbua. Mimi nikiwafikiria furu, nashindwa kuelewa tulikuwa tunaangalia wapi.

Kisha akaja sangara. Graham alikwisha kuandika mwaka 1929 kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno bila utafiti wa kina kutangulia. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyekuwa Jinja, akaandika kupinga wazo lile waziwazi. Wakati huo sangara walikwisha kupenyezwa ziwani miaka ya 1950, na mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa mchana kweupe, Entebbe na Kisumu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na waliowaleta wakaonekana wenye hekima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sangara akafumka upande wa Kenya, kisha Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 akafika kwetu Mwanza kwa wingi. Nyavu za watafiti zilizokuwa zikitoka zimejaa furu zikaanza kutoka na sangara na dagaa. Inakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka.

Sangara hakuwa peke yake na lawama. Maji yalikuwa yanachafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na maji taka ya mijini, yakawa ya kijani na mazito. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo ambalo mimi lilinikosesha usingizi: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, mwekundu au wa bluu, na maji yakichafuka haoni rangi. Akishindwa kuchagua, aina mbili huchanganyika na kuwa moja. Kumbe samaki anaweza kutoweka bila kuliwa na mtu wala na sangara, kwa kukosa mwanga tu wa kumwona mchumba wake.

Sisemi sangara ni laana. Kajenga nyumba za bati, kalipa karo, kafungua viwanda vya minofu, na ingawa minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya nasi tukabaki na mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, wapo waliosoma kwa mapanki hayohayo. Ninachosema ni kwamba habari hii tunayo kwa ushahidi kwa sababu kuna watu walikuwa wanahesabu kabla. Daftari la furu lilifunguliwa miaka michache kabla sangara hajafika Ghuba ya Mwanza. Lingechelewa kidogo, leo tungekuwa tunabishana mwaloni kama furu wengi kiasi hicho waliwahi kuwepo, na mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda. Na kwa kuwa hawakuacha kukokota, miaka ya 1990 watafiti walewale waliona baadhi ya furu wakirudi, wengine wakiwa na miili iliyobadilika ili kuishi kwenye maji yale mapya. Dagaa naye alibadilika, akaanza kuzaa akiwa mdogo zaidi kuliko alivyokuwa. Nani kati yetu aliyekuwa akimwanika alitambua hilo kwa macho? Lilitambuliwa na ubao wa kupimia.

Niwapeleke mbali kidogo, kisha niwarudishe. Huko magharibi ya Marekani na Canada kuna samaki aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini, hukulia huko miaka kadhaa, kisha hurudi mto uleule aliozaliwa, hupanda maporomoko, hutaga, na wale wa Bahari ya Pasifiki hufa baada ya kutaga. Miaka ya 1950 Arthur Hasler wa Wisconsin alileta hoja kwamba anaujua mto wake kwa harufu, na majaribio ya baadaye yakampa haki. Msishangae sana, maana nasi tunaye samaki wa mtoni. Ningu hukaa ziwani, mvua zikija akanusa mafuriko na kupanda Nzoia, Mara, Kagera, kwenda kutaga. Wazee wa Nzoia walimngoja kwa mitego ya fito, wakachukua wao, wengine wakapita. Nyavu za nyuzi za kiwandani zilipotandazwa mdomoni mwa mito, zikawanasa majike wakiwa bado na mayai tumboni. Kufikia mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa anaandika kuporomoka kwa ningu, na kwamba hata ufundi wa ile mitego ya asili ulikuwa unakufa pamoja naye. Baadaye watafiti wa Uganda walifanikiwa kumzalisha ningu kwenye mabwawa. Ni habari njema, lakini samaki wa bwawani hajui njia ya Nzoia.

Tofauti ya samoni na samaki wetu ambayo nataka muishike ni hii. Ukimpasua samoni kichwa, utakuta kijiwe cha sikioni, na ukikikata ukakiweka kwenye hadubini utaona duara ndani ya duara, kila mwaka na duara lake. Hata magamba yake yanaonyesha. Huko kuna baridi kali, samaki hudumaa majira ya baridi na kukua majira ya joto, na mwili unaandika. Kwetu hakuna theluji. Sangara na sato wanakula mwaka mzima, kwa hiyo maduara yao ya mwaka hayasomeki kwa urahisi namna hiyo. Ndiyo maana mtafiti wetu hutegemea sana urefu. Akiwa na urefu wa samaki maelfu, mwezi kwa mwezi, anaweza kukadiria wanakua kwa kasi gani na wanakufa kwa kasi gani. Ule ubao mnaoucheka ndio unaofanya kazi ambayo kwa wenzetu kijiwe cha sikioni kinaifanya. Ukimficha samaki wa sentimita 30 chini ya turubai, umechana ukurasa mmoja wa kitabu chenye nakala moja.

Na hapa kuna jambo la sangara wenyewe. Kipimo cha sentimita 50 mnakijua, hata mnapokivunja. Jike wa sangara huanza kutaga akiwa mkubwa kuliko dume, na wengi wao wakifika sentimita 50 hawajawahi kutaga hata mara moja. Jike mkubwa hutoa mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo chini ya turubai lenu wamelala watoto ambao hawajazaa, na kwa ajili ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, mnawatafuta mama zao walionona. Nani abaki kuzaa?

Turudi kwa samoni. Kuna ghuba ya Alaska iitwayo Bristol Bay, ambako samoni wekundu hupanda mito kwa wingi usio na mfano duniani. Kando ya mito ile kuna minara. Mtu hupanda mnara na kuhesabu samaki wanaopita kwa dakika 10, kisha huhesabu dakika 10 ng'ambo ya pili, kila saa, usiku na mchana, namba ikazidishwa. Kama waliokwisha kupanda kwenda kutaga hawatoshi, nyavu hazishuki. Mvuvi mwenye mkopo wa benki anakaa kwenye boti yake akisikiliza redio, akisubiri ruhusa. Kila anachouza kinaandikwa kwenye hati, kilo kwa kilo, kwa sheria. Tena msidhani walianza kwa kuipenda sayansi. Samaki walipopungua miaka ya 1940, wenye viwanda vya kopo wenyewe walikiendea Chuo Kikuu cha Washington kikawatafutie sababu, na wakatoa fedha. Wenye viwanda vya minofu na wanunuzi wa mabondo wa kwetu naomba wasomewe sentensi hiyo mara mbili.

Mwaka 2022 samoni waliorudi Bristol Bay walikadiriwa kuwa milioni 79, wengi kuliko mwaka wowote uliowahi kurekodiwa. Siwadanganyi kwamba ni kwa sababu ya minara tu. Mwaka 2010 Daniel Schindler na wenzake walionyesha kwamba ghuba ile inahimili kwa kuwa ina vijito vingi, kila kijito na samoni wake wenye tabia zao, mwaka mbaya kwa hawa ukawa mzuri kwa wale. Anayesema "mto mmoja ukifa mingine ipo" ajifunze hapo, na aliyelima hadi ukingoni mwa mto Mara ajifunze pia. Wala kuhesabu si hirizi. Kwenye mto Yukon, Alaska hiyohiyo, samoni wakubwa wanahesabiwa vilevile na wameporomoka, hadi mwaka 2024 Marekani na Canada zikakubaliana kusitisha uvuvi wao kwa miaka saba. Ila wanajua wamebaki wangapi, na wanajua watakachokingoja kabla ya kurudi majini.

Msisubiri fomu peke yake. Huko Seattle, kila mvua za kwanza ziliponyesha, samoni wa vijito vya mjini walikuwa wakifa kabla ya kutaga, na kwa miaka mingi watu, wakiwemo wa kujitolea tu, walikuwa wakitembea vijitoni kuhesabu mizoga. Mwaka 2020 wataalamu wakamtaja muuaji: kemikali inayotokana na matairi ya magari, inayosombwa na mvua kutoka barabarani. Bila mizoga kuhesabiwa hakuna ambaye angeyatazama matairi. Sisi tukikuta samaki wanaelea, tunafanya nini? Tunawahi kuwaokota na kuwauza kabla jirani hajaamka. Siku nyingine ni hewa imepungua majini baada ya upepo kupindua maji ya chini, siku nyingine huenda ni sumu, na anayewala ni mtoto wa mtu. Pigeni simu kwa bwana samaki kwanza.

Nanyi watafiti, msikae mkitikisa kichwa kana kwamba mawaidha haya hayawahusu. Mmechukua namba mialoni miaka nenda rudi, mkazipeleka kwenye majarida ya Kiingereza ambayo hata mwenyekiti wa BMU hawezi kuyapata. Mvuvi amejibu maswali yenu tangu ujana wake, na hakuna aliyerudi kumwambia majibu yalisema nini. Kwa nini asiwadanganye? Rudini na karatasi moja, kwa Kiswahili, na mahali panapofaa kwa Kikerewe, Kijita, Kisukuma au Kijaluo, ibandikwe pale kwenye mizani ya mwalo. Wala msipande boti moja na wakamataji hata kama mafuta ni ya bure. Siku mtakapoonekana nao mara moja, kazi ya miaka kumi imeharibika.

Kwenu wavuvi sina mengi yaliyobaki. Semeni idadi ya nyavu ilivyo. Onyesheni wadogo pamoja na wakubwa. Semeni mlikovua, si lazima jiwe lako la siri, hata ukisema tu kina na upande inatosha. Akina mama wa dagaa, dagaa ndiye leo anayeongoza kwa uzito ziwani, na ndoo nyingi mno zinauzwa usiku kabla mpimaji hajafika, kwa hiyo wekeni hata daftari lenu wenyewe la ndoo. Na siku mliyorudi mikono mitupu msiseme "leo hatuna cha kupimwa" mkaondoka. Sifuri nayo inaandikwa. Mpimaji akiandika waliopata tu, ziwa litaonekana halina siku mbaya.

Kikao cha BMU kijacho, kabla ya ajenda ya michango, mwombeni katibu awasomee takwimu za mwalo wenu za mwaka uliopita. Akisema hana, andikeni barua, mtie saini wote, muipeleke TAFIRI Mwanza mkazidai. Ni zenu.